Telefone Kumi na Moja mu Armoire

Mie nilijifunza kwa mukono. Diplôme yangu ya État niliipata ku masomo ya mangaribi, niko mama ya batoto batatu tayari. Muchana nauzisha mukate ku soko ya Katuba, saa kumi na moja nafunga meza, nakamata cahier, naenda kukala ku banc na bantu bazima benye kuchoka sawa mie. Kule hakuna muntu alikuwa na kitabu. Mwalimu anasema, siye tunaandika. Anasema tena, tunaandika. Kama phrase moja ilikupita, ni shida yako, utailomba kwa jirani kesho. Njo vile akili iliingia mu kichwa yangu, ilipita ku vidole. Na wakati Mungu alinipa classe yangu mie mwenyewe, huitième, mwaka ya munane ya shule, mu masomo moja kadogo nyuma ya parokia, nilifundisha paka vile vile balinifundisha. Mie naandika ku tableau, batoto banaandika mu cahier. Nilizani hakuna njia ingine.

Lakini batoto ba siku hizi balizaliwa, bakakuta telefone iko mu nyumba tayari, sawa vile siye tulikuta chungu. Nilikuwa nageuka ku tableau, naandika nusu saa, mugongo inauma. Nikiangalia nyuma naona mikono mingi iko juu. Mara ya kwanza nilifurahi, nilizani banataka kuuliza. Kumbe banapiga picha.

"Madame, sogea kidogo," moja akasema, "kichwa yako inafinika verbe."

Classe yote ikacheka. Mie pia nilitaka kucheka, lakini nilijizuia, juu mwalimu akicheka mara moja ile siku imekwisha.

Masomo yetu ilikuwa na règlement. Telefone yenye kuonekana mu classe, mwalimu anaikamata, anaipeleka kwa directrice, mukubwa ya masomo, na directrice anaifungia mu armoire, kabati ya chuma mu bureau yake, mpaka mwisho ya trimestre, ile miezi tatu. Pale muzazi anakuya na barua, anarudishiwa. Haiko mie nilitunga ile sheria. Lakini njo mie niliifuata kupita bote. Directrice, mama munene wa kucheka mingi, alikuwa ananiambia: "Weye ukiendelea hivi, tutafungua boutique." Nilimujibu kama mutoto asipoandika, hana kintu mu kichwa, iko na picha mu mufuko. Niliamini vile. Mpaka leo kuko pahali mu roho yangu kwenye naamini vile bado.

Ule mutoto mwanamuke alitufikia katikati ya mwaka. Alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu, shingo mrefu, anatembea sawa muntu mwenye kubeba kintu ku kichwa hata kama habebe kitu. Yeye na mama yake balitoka kule Kivu. Vita iliingia mu muji yao, balikimbia, balivuka ziwa, balipanda mu lori ya magunia, bakafika huku Lubumbashi kwenye baba yake alikuwa na depot ya biashara ya jumla. Balikuta depot ni tupu. Bintu haikuwa inatoka tena kule, na baba alikuwa ameenda Kasumbalesa kutafuta kazi ya kuongoza lori ya bengine. Balikaa mu nyumba yenye haiyaisha kujengwa, mu Annexe, pembeni ya muji, madirisha imefungwa na magunia.

Mu classe batoto balimucheka juu ya Kiswahili yake. Yeye anasema "watoto", "wazazi", bao banapiga makelele: "Eh, mutangazaji ya radio! Sema tena!" Yeye anarudilia pole pole, bila kukasirika, mpaka bao bale njo banapata haya.

Hakuwa na karatasi ya masomo hata moja. Nyumba yao iliungua na cahier zote, na bulletin zote za alama, na certificat ya primaire. Lakini mama yake alikuwa muntu wa akili. Wakati balisikia bunduki kwa mbali, mbele ya kufunga mizigo, alimuambia: piga picha ya kila karatasi. Mutoto alipiga. Bulletin ya sixième, bulletin ya septième, certificat, acte ya kuzaliwa, mpaka page za cahier ya mathématiques. Yote ilikuwa mu katelefone kamoja kenye kioo ya kupasuka, imefungwa na elastique.

Directrice aliangalia zile picha, alizipanua na vidole mbili, alikaribisha macho. Akasema: "Ni muzuri. Kwa bakimbizi banakubali. Tunaimprimer ku karatasi, naweka cachet, muhuri yetu, na barua, tunaenda ku inspection, kwa bakubwa ba masomo ba État, na telefone yenyewe, banalinganisha, banasaini." Bila ile dossier mutoto hangeandikwa ku examen ya mwisho ya huitième, na bila ile examen haingii mu humanités, masomo ya mbele. Kufunga liste ilibakia majuma mbili. Ile juma courant, umeme, ilikosa, na ku imprimerie balikuwa banangojea encre, wino yenye haifiki. Tukasema: basi, lundi, ile Jumatatu.

Alhamisi ya mbele ya ile lundi, nilifika mu classe na mapema sana. Nilitaka kufundisha njia ya chakula mu mwili, kutoka kinywa mpaka chini, na niliichora yote ku tableau na craie ya rangi: tumbo nyekundu, maini kahawia, matumbo madogo manjano. Nilichora saa moja na nusu. Batoto baliingia, tukasali, nikageuka kuandika majina. Nikasikia nyuma yangu *clac, clac, clac*. Hata kalamu moja haikutoka mu sac.

Ile siku kasirani ilinikamata. Nilipita banc kwa banc, nilinyoosha mukono, sikusema kintu. Moja akasema, "Madame, mie nilikuwa naangalia saa." Nikamuambia, "Saa iko ku ukuta." "Ya ku ukuta ilikufa, Madame." Nikakamata. Kumi. Kisha nikafika kwa ule wa Kivu. Aliifunika katelefone na mikono yake mbili.

"Madame, hii hapana. Karatasi zangu zote ziko ndani."

"Kama iko ndani, itakaa muzuri mu armoire kupita mu mufuko yako."

"Madame, kwetu cahier ziliungua. Telefone ilikimbia na siye."

Batoto bote banaangalia mie. Na mie niliona kama nikimuacha yeye moja, bale kumi batasema Madame anachagua. Nikamujibu:

"Hapa haiko kwenu. Hapa hakuna kintu kinaungua."

Alinipatia. Hakulia. Alitosha cahier yake mu sac, akaanza kuchora tumbo.

Mu bureau directrice aliitambua mara moja. "Na hii? Shi njo yenye dossier iko ndani?" Nikamujibu: "Règlement ni ya bote. Lundi tutaitosha, tutaenda nayo ku imprimerie pamoja." Aliniangalia kidogo, akafungua kadenas, akaweka kumi na moja mu étagère ya chini, akafunga. Nilisikia ile chuma inalia *ta*. Nilirudi ku nyumba na roho ya kutulia, hata nilisali rozali vizuri.

Kesho yake, vendredi, saa tatu ya asubui, bazazi balianza kufika ku mulango moja moja, kisha kumi kumi. Bengine na kikwembe ya ku nyumba, bengine na sabuni ku mikono. "Madame, nipe mutoto wangu." Balisema vita ilivuka ziwa, balisema basoda ba kule bamefika ku njia ya kaskazini, balisema muji itafungwa. Kila moja alikuwa na audio mu telefone yake, sauti ya muntu hajulikani anasema "kimbieni". Mbele ya saa ine hakukuwa na mutoto hata moja mu lupango ya masomo. Directrice alifunga bureau, tukashikana mikono, tukasema Salamu Maria moja, kila muntu akaenda kwake. Hakuna hata moja wetu aliwaza armoire. Nasema kweli mbele ya Mungu: sikuwaza.

Mangaribi bantu balianza kuvunja madepot. Samedi yote tulikaa ndani, mulango imefungwa na meza. Dimanche misa haikuwa. Vita haikufika, kumbe haikuwa hata karibu. Bantu ba muji njo balipita mu muji kuiba.

Lundi nilifika ku masomo na miguu. Porte ya lupango ilikuwa chini. Mabanc balibeba, mabati ya classe mbili balitosha, hata cadre ya dirisha. Armoire ilikuwa mu katikati ya lupango, imelala kifua chini, mulango imepindwa sawa kifuniko ya boîte ya sardine. Niliigeuza na directrice. Ndani kulibakia karatasi za kulowana, na carton moja ya craie. Craie baliacha yote. Hakuna muntu aliitaka.

Directrice alikaa chini ku mavumbi, ule mama munene wa kucheka. Akasema paka hii tu: "Kamama kale, ule mutoto wa Kivu. Utamuambia nini?"

Nilienda ile ile siku. Ku Annexe njia ni ya mbali kama hakuna gari, na ile siku hakukuwa gari. Mama ya mutoto alinipokea vizuri sana, na ile njo iliniumiza. Alifuta kiti na kikwembe yake, akanipa maji.

"Karibu mwalimu. Tulikuogopea. Kwenu muko wazima?"

"Tuko wazima, mama. Lakini masomo balivunja." Kisha nikasema yote, mpaka ile neno yenye nilimuambia mutoto. Sikuficha. Kama ningeficha ile neno, ningebakia nayo mie peke.

Mama alishika mudomo na mukono. Mutoto alikuwa amesimama ku mulango, aliniuliza kintu kimoja:

"Armoire ilikuwa na kufuli?"

"Ilikuwa."

"Basi," akasema. Akaenda kuchota maji.

Kisha tulitafuta. Binti yangu wa kwanza, mwenye miaka kumi na kenda, alinicheka mwanzo: "Mama, siku hizi picha haikufe! Inapanda ku internet yenyewe. Leta jina ya compte, akaunti yake." Tukamuita mutoto, akakumbuka jina, akakumbuka mot de passe, neno ya siri. Binti yangu aliandika, akafurahi, kisha akasoma tena.

"Inasema itatuma code."

"Itatuma wapi?"

"Ku namba yake."

Namba yake ilikuwa mu telefone yenye baliiba. Tulienda kulomba namba irudishwe, bakasema muntu mwenye aliiandikisha njo anakuya mwenyewe na carte. Ule muntu ni mujomba yake, na mujomba alibakia kule, hakuna mwenye anajua kama iko muzima. Tulipigia baba Kasumbalesa. Ndiyo, alitumiwaka zile picha. Alizifuta. "Mémoire ilijaa," akasema, na sauti yake ilikuwa sawa ya mutoto mwenye kushikwa. "Nilizani ninyi muko nazo." Mama ya mutoto alikata telefone pole pole.

Ilibakia inspection. Nilivaa kikwembe yangu ya misa, nikaenda na directrice na mutoto. Bwana moja wa pale, miwani ku paji ya uso, alisikiliza yote. Hakuwa muntu mubaya. Hata yeye balikuwa habajamulipa mushahara.

"Muniletee karatasi," akasema.

"Karatasi njo haiko, bwana. Lakini directrice aliziona. Mie niliziona. Tutaandika na kusaini."

"Muliona mu telefone yenye haiko."

"Nitaapa. Hata na Bible."

"Mama, Bible haiko bulletin."

Directrice alinivuta nguo, lakini sikuacha. Nikamuambia: "Basi umuulize weye mwenyewe. Umupe calcul ya huitième, umupe dictée. Iko hapa." Mutoto alisimama. Bwana alimuangalia, alimuona, naapa alimuona. Kisha aliteremusha miwani ku macho, akasoma karatasi ingine. "Mie siko mwalimu wake. Dossier inafungwa vendredi." Nilirudi mercredi. Nilirudi jeudi. Vendredi nilikaa ku banc yao mpaka muntu wa kufagia aliniambia, mama, njo kufunga.

Mu zile siku nilienda kuungama. Padri alinisikiliza, akasema kufuata règlement haiko zambi. Alinipa Baba Yetu tatu. Nilitoka na uzito yangu paka vile vile. Nilitaka anipe kintu kya kubeba, yeye alinituma ku nyumba mikono tupu.

Tena balimu ba État bakafanya grève, mugomo ya kazi, na masomo ya prive pia haikufungua, juu haikuwa na mabanc na bazazi habakuwa na kitu. Muji ilikuwa inaishi nusu. Maboutique yenye mulango moja wazi na moja yenye kufungwa. Examen ilibakia miezi mbili na nusu, na batoto bangu makumi ine na moja balikuwa ku liste. Directrice akasema: "Fundisha na telefone." Mie! Nilicheka, lakini haikuwa kicheko.

Binti yangu alifungua groupe ku telefone; bale kumi benye telefone yao iliibwa baliingia na ya bazazi. Nilifanya vile nilijua: nilikamata cahier yangu ya préparation, nikafinya ile micro, nikasoma leçon ya tumbo yote, neno kwa neno. "L'estomac, virgule, est une poche, point à la ligne." Nilipumuzika katikati, ili baandike. Ilikuwa dakika kumi na saba. Kesho yake hakuna muntu alijibu. Siku ya pili moja akaandika: "Madame, tunakuweka ku vitesse mbili, mbio mbio. Unasema sawa kuku." Bengine bakaweka bale bauso ba kucheka, mustari muzima.

Mara mbili mu juma nilikuwa naenda Annexe. Sikuacha. Niliandika leçon ku karatasi kwa mukono, nabeba, juu yeye hana telefone. Liste ilifungwa, ndiyo, lakini mie nilijiambia: Mungu anaweza kufungua bureau. Siku moja alisoma karatasi yangu, akauliza: "Madame, na kule ku groupe unabatumia nini?" Nikamupa telefone yangu. Aliiweka ku sikio, akakaa ku tofali, akasikiliza. Ku dakika ya tatu alitosha ku sikio.

"Madame, nani atamaliza hii?"

"Ni leçon. Leçon ni mrefu."

"Leçon ni mrefu, lakini audio hapana. Kata. Dakika mbili, na mwisho uwaulize kitu. Kitu chenye watatafuta mu nyumba." Kisha, pole pole, juu alikuwa na heshima: "Madame, wao hawaogope kuandika. Wanaogopa kukaa tu bila kufanya kitu."

Njo vile nilijifunza kazi yangu mara ya pili. Aliketi na telefone yangu, mie na karatasi, na tulikata leçon pamoja, sawa vile banakata mboga ya lenga-lenga. Pourcentage tuliiweka mu gunia ya makala ya kupikia: pigeni picha ya gunia ya kwenu, muambie imebakia ngapi ku mia. Batoto balituma. Moja alituma picha ya gunia tupu: "Madame, zéro pour cent, na mama anasema tukule pourcentage." Tulicheka siye bote, mama yake pia. Géographie: kila moja aulize mukubwa wa kwao alitoka wapi, aseme kwa sauti yake. Zikafika sauti makumi ine, za baba, za batate, babu zao: njia ya reli, mine, muji za kaskazini, mito. Sikuwa nimesikia classe yangu vile mbele. Miaka yote balikaa mbele yangu, sikujua nani anajua nini. Yeye njo alikuwa anasikiliza kila moja, anaandika ku karatasi nani amefahamu na nani bado. Hata bale benye balimuchekaka, aliandika: "Huyu afafanuliwe tena fractions."

Mara moja mama yake aliniita pembeni, karibu ya mbabula ya kupikia.

"Mwalimu, mutoto anafundisha wenzake mutihani wenye yeye hatafanya. Wewe unaona ni vizuri?"

Nikasema, "Mama, naomba kila siku."

"Na mie naomba," akasema. "Ninauliza tu."

Majuma mbili mbele ya examen liste ilibandikwa ku ukuta ya inspection. Niliipitia na kidole, kutoka juu mpaka chini, mara mbili, sawa muntu mwenye kutafuta mufu mwenye anajua hayuko pale. Batoto makumi ine na moja. Nilipiga picha ya ile liste. Mie mwenyewe, na telefone yangu. Sijui juu ya nini.

Siku ya examen nilibasindikiza. Bengine balikuwa banarudilia leçon za dakika mbili, telefone ku sikio mpaka ku mulango, kisha banaziacha kwa mama zao, banaingia. Yeye hakukuya, na sikumungojea akuye. Bale batoto balishinda mingi kupita miaka yote yangu. Directrice alinikumbatia, bazazi baliniletea kuku moja. Balisema: "Madame anajua batoto ba siku hizi." Nilitoa aksanti. Mu misa ya shukrani niliimba na bengine, lakini wakati ya kupeleka matoleo nilibakia ku banc.

Ku mwanzo ya mwaka mupya mabanc zilirudi kidogo. Directrice alifanya kyenye aliweza: alikubali kumupokea ule mutoto wa Kivu bila karatasi, lakini ku septième. "Huku njo bulletin ya kwetu ya kwanza inaweza kuanzia," akasema. "Karatasi za mbele ya septième bataniuliza, nitajibu mie." Mutoto angerudilia septième yenye alishamaliza, kisha huitième yenye alishafundisha. Miaka mbili. Mama yake alifikiri siku tatu. Alitaka bahamie Kasumbalesa kwa baba, mutoto auzishe pale ku mupaka. Njo mutoto alisema atarudi ku masomo. Hakuniambia mie, alimuambia mama yake, na mama aliniletea ile jibu na macho ya kukauka: "Anasema atakuja. Umutunze mwalimu. Mara hii umutunze."

Nililomba directrice anitoshe ku huitième, anipe septième. Bengine balishangaa, juu huitième yangu ilikuwa na sifa sasa. Sikubaeleza.

Siku ya kwanza nilichelewa kidogo, nilikuwa natafuta craie. Batoto ba septième balikuwa ndani tayari, batoto badogo, miaka kumi na moja, kumi na mbili, chemise zenye zingali na mikunjo ya dukani. Nilifika ku mulango nyuma yake. Yeye alikuwa mbele yangu, jupe ya bleu, cahier moja ku kifua. Aliingia. Na classe nzima, mara moja, ikasimama wima, mikono ku mbavu:

"Bonjour, Madame!"

Kisha moja aliniona mie nyuma, akafahamu, akacheka, na bote bakacheka, bila ubaya, sawa batoto. Yeye hakugeuka kuniangalia. Alisema "Bonjour" na sauti ya chini, akapita katikati ya mabanc, magoti inagonga mbao kila upande, mpaka ku banc ya mwisho. Akaketi. Miguu yake haikuingia chini ya meza, akaiweka pembeni, ku njia.

Nilibaambia bakae. Nikafungua cahier ya appel, nianze kuita majina.